MIRATHI YA MWADUI
Jinsi mali ya Daktari Williamson ilivyogawanywa, pamoja na habari za urithi katika nchi yetu

Halmashauri ya Chama Kikuu ilipopanga kurasa za kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, iliona kuwa haifai kuandika habari za pamba na mizani peke yake. Wengi wa wanachama wetu ni wana na wajukuu wa watu waliofanya kazi Mwadui, au waliobeba mawe ya dhahabu huko Geita, na fedha za machimbo hayo ndizo zilizonunua majembe ya kukokotwa na ng'ombe katika nyumba nyingi za Usukuma. Sisi tulio katika ofisi ya Katibu tukapewa kazi ya kuandika sura ya historia. Tumechagua habari moja tu, nayo ni ya mirathi, kwa sababu tutakayoieleza mbele.

John Thoburn Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari, 1907, huko Montfort katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill hata akapata shahada ya udaktari, kisha akaja Afrika katika miaka ya 1930 kufanya kazi za makampuni ya madini. Kwanza alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baadaye akaingia Tanganyika, akafanya kazi Mabuki, kusini ya Mwanza, ambako almasi zilikuwa zimeonekana tangu zamani lakini kidogo kidogo. Wengine waliona Mabuki imekwisha, wakaondoka. Yeye alibaki, akaamini kuwa katika nchi hii mna mwamba mzazi wa almasi hizo. Alizunguka mbugani miaka kadhaa, akiwa na homa, na madeni, na vibarua wachache ambao mara nyingi walingojea mishahara yao kwa subira.

Tarehe 6 Machi, 1940, aliupata mwamba ule mahali paitwapo Luhumbo, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga. Upana wake ni kama hekta 146, na wataalamu huuhesabu miongoni mwa miamba mikubwa ya almasi iliyopata kuchimbwa duniani. Wakati ule Uingereza ilikuwa vitani, mashine hazikupatikana, na kazi ya kwanza ilifanywa kwa sururu, kwa majembe na kwa maji ya kuchekecha. Mwaka 1942 iliandikishwa kampuni, Williamson Diamonds Limited. Katika mwaka wa 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5; Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya arusi yake ya mwezi Novemba mwaka huo. Ilipokatwa na kung'arishwa zilibaki karati 23.6, ikatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Nduguye, Binti Mfalme Margaret, alifika mwenyewe Mwadui mwaka 1956. Habari hizi za wafalme zinajulikana na kila mtoto wa shule ya Mwadui, kwa hiyo hatutazirefusha.

Jambo lisilosemwa sana ni la rafiki yake. Huko Mwanza alikuwako mwanasheria wa Kihindi, Bwana Iqbal Chand Chopra, ambaye baadaye alikuwa pia mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Williamson alipokuwa hana kitu, Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa maarifa ya sheria. Kampuni ilipoundwa, msaada ule uligeuzwa kuwa hisa, zikaandikwa kwa jina lake Chopra katika daftari la kampuni. Fungu kubwa lilikuwa la Williamson; fungu dogo la rafiki. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Williamson hakuoa, wala hakuacha mtoto. Aliijenga Mwadui ikawa mji kamili, wenye nyumba, hospitali, shule, duka na uwanja wa ndege, yote ndani ya uzio ambao mtu hakuupita bila kibali wala hakuutoka bila kupekuliwa. Alishindana miaka mingi na wakubwa wa biashara ya almasi wa London na Afrika Kusini kwa sababu hakutaka kupangiwa kiasi cha kuuza, na kwa muda alizuia almasi zake zisiende sokoni mpaka wakasikilizana. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu neno lake lilikuwa neno la mwisho. Hakuwa na wenye hisa wengi wa kuwauliza, wala halmashauri ya kumzuia. Katika miaka ya 1950 almasi za Mwadui ndizo zilizoongoza madini yote ya Tanganyika katika mauzo ya nje.

Kisha akaugua saratani ya koo. Alifariki Mwadui tarehe 8 Januari, 1958, kabla ya kutimiza miaka 51, akazikwa huko huko.

Inafaa hapa kutazama kifo kingine cha siku zile zile. Tarehe 25 Novemba, 1957, yaani majuma sita kabla yake, alikufa huko Johannesburg Sir Ernest Oppenheimer, mkuu wa kampuni ya De Beers, ambaye ndiye aliyekuwa mshindani mkubwa wa Williamson. Oppenheimer alikuwa na mtoto, Harry, aliyekwisha kufundishwa kazi miaka mingi. Kiti hakikukaa kitupu hata siku moja. Madaftari yalifungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Basi katika muda wa majuma sita waliondoka watu wawili waliokuwa wameshika almasi nyingi za Afrika, mmoja ameacha kampuni yenye mrithi wa kazi, wa pili ameacha kampuni yenye warithi wa mali. Mtu aweza kurithi mali pasipo kurithi kazi, na hilo ndilo lililotokea Mwadui.

Warithi wa Williamson walikuwa ndugu zake wa tumbo moja, na aliyesimama mbele kwa ajili yao alikuwa nduguye mwanamume, Percy. Walichopokea si ardhi. Watu wengi husema kuwa Williamson alikuwa mwenye nchi ya Mwadui. Kwa sheria hakuwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, na madini yaliyo chini yake yalikuwa ya Serikali ya Kikoloni. Alichokuwa nacho ni hati ya kuchimba, mashine, nyumba, na hisa za kampuni iliyoshika vitu hivyo. Kwa hiyo urithi wenyewe ulikuwa karatasi, lakini karatasi zenye thamani kubwa mno.

Mwenye ng'ombe ishirini akifa, wazee hukaa chini ya mti, wakatazama zizi, wakasema: hawa ni wa nyumba kubwa, hawa wa nyumba ndogo, huyu ni wa deni la mahari ya fulani. Machimbo hayagawanyiki namna hiyo. Huwezi kumpa ndugu mmoja kilima na dada yake mashine ya kuosha mchanga. Tena kwa sheria za Kiingereza za siku zile, Serikali ilitoza ushuru wa mirathi kabla warithi hawajafaidi. Mali ikizidi kuwa kubwa, ushuru nao huzidi, na ushuru hulipwa kwa fedha taslimu, si kwa mashine. Mrithi wa kampuni ya namna hiyo aweza kuwa tajiri katika daftari na kuwa na shida ya fedha mkononi. Njia iliyo wazi kwake ni kumtafuta mnunuzi, na mnunuzi wa machimbo makubwa ya almasi katika dunia ya wakati ule alikuwa mmoja tu.

Kwa hiyo katika mwezi wa Agosti, 1958, miezi saba tu baada ya mazishi, machimbo yaliuzwa. Yalichukuliwa nusu kwa nusu na De Beers na Serikali ya Kikoloni ya Tanganyika. Mali ambayo marehemu aliishindania maisha yake yote isiingie katika mikono ya De Beers, iliingia humo kwa sahihi za ndugu zake. Hatuwalaumu. Walikuwa watu wa Kanada, hawakulala katika mahema ya Luhumbo wala hawakuwa na ugomvi na mtu wa Johannesburg. Lakini ni haki kusema kwamba nia ya marehemu haikurithiwa, kwa kuwa nia isiyoandikwa katika masharti ya kampuni haina mahali pa kukaa mwenyewe akiisha kuondoka.

Na rafiki je? Fungu la Chopra halikutegemea huruma ya wosia wala wema wa ndugu. Lilikuwa lake tangu siku lilipoandikwa daftarini, Williamson akiwa mzima. Ndiyo sababu twasema mali ile iligawanywa kwa jamaa na rafiki kwa njia mbili mbalimbali: jamaa walipata kwa damu na wosia, rafiki alipata kwa karatasi ya uhai.

Walikuwako watu wa namna ya tatu. Hawa ni wale waliochimba tangu mwaka 1940 kwa mikono yao, waliowekwa nyumba za kambi, waliopewa posho na mishahara, na wale wenyeji ambao mashamba na malisho yao yalibaki upande wa ndani wa uzio. Wenyeji walikuwa na desturi yao ya ardhi, iliyotolewa na mtemi kwa mkono wa wanangwa, ambayo kila mtu kijijini aliijua lakini haikuwa imeandikwa mahali. Sheria ya mwaka 1923 iliitambua desturi ile nusu nusu, ikampa Gavana neno la mwisho. Siku ya kugawa mali ya marehemu hawakuitwa, kwa kuwa majina yao hayakuwa katika daftari lo lote la hisa. Nusu ile iliyochukuliwa na Serikali ndiyo iliyokuwa njia yao ya pekee, na Serikali yenyewe wakati huo haikuwa yao.

Wasomaji wazee watakumbuka mwaka 1958 ulivyokuwa. Mwezi Januari, siku chache tu baada ya mazishi ya Mwadui, TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora na kuamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Katika Usukuma chama hicho kilikuwa kimenyimwa ruhusa ya kufungua matawi tangu mwaka 1954. Na katikati ya mwaka ule watu wa Geita, waliokataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko ambalo hawakulitaka, walitembea kwa miguu kwa wingi hata Mwanza kutoa malalamiko yao, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Hivyo miezi ile ile ambayo wanasheria walikuwa wakiandika hati za Mwadui, upande wa pili wa ghuba wakulima walikuwa wakiuliza ni nani aliyewapa wengine haki ya kuwaamulia mambo yao. Hatujui kama kuna jambo jingine linaloonyesha vizuri zaidi kuwa zama zilikuwa zikigeuka.

Tukiitaja Geita, na tuseme kidogo juu ya dhahabu yake. Dhahabu ilionekana huko tangu wakati wa Wadachi, katika mwaka wa 1898, na machimbo makubwa ya kampuni yalifanya kazi toka katikati ya miaka ya 1930 hadi 1966, yakawa makubwa kupita yote ya dhahabu katika Afrika ya Mashariki. Yale hayakuwa mali ya mtu mmoja. Wakurugenzi walikufa, wengine wakastaafu, wenye hisa wakauziana, na kinu hakikusimama kwa msiba wa mtu. Kilisimama mwaka 1966 faida ilipokwisha, na kwa miaka mingi Geita ikabaki na mashimo na wachimbaji wadogo, mpaka machimbo mapya ya kampuni yalipofunguliwa mwaka 2000. Mwadui nayo ilizidi kupita mikononi: ilitaifishwa katika miaka ya 1970, mwaka 1994 De Beers ikarudi ikiwa na asilimia 75, mwaka 2009 fungu hilo likachukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds, na mapatano ya Desemba 2021 yalipandisha fungu la Serikali kutoka asilimia 25 hadi 37. Wenyeji walio nje ya uzio hawakuacha kudai. Mwaka 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 katika mapatano juu ya madai ya watu walioumizwa katika eneo la machimbo, na tarehe 7 Novemba, 2022, ukingo wa bwawa la tope ulipobomoka, tope liliingia katika makazi na mashamba ya vijiji vya jirani.

Sasa tueleze kwa nini Chama cha wakulima kinaandika habari za almasi.

Babu zetu wa ushirika walilijua neno la daftari. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa waliweka wapima mizani wao wenyewe kwenye vituo vya wanunuzi, kwa kuwa walichoka kuibiwa ratili. Kutoka hapo vikaandikishwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa vyama vya Ziwa Victoria, uliojulikana kwa herufi VFCU, ukiongozwa na Bwana Paul Bomani. Muungano ule ulinunua na kujenga vinu vya kuchambua pamba, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika katika bara zima. Mkulima asiye na kitu ila ekari mbili alikuwa na hisa, yenye namba, yenye jina lake. Kwa maneno mengine, alikuwa amepata ile karatasi ya uhai aliyokuwa nayo Bwana Chopra.

Lakini karatasi nayo huhitaji kulindwa. Mwezi Mei, 1976, Serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika. Pamba ikapelekwa katika Mamlaka ya Pamba, vijiji vikaambiwa ndivyo ushirika, na vinu, maghala, malori na majengo ya vyama yakapewa wenyewe wengine. Ulikuwa kama msiba usiokuwa na maiti. Mali ilikuwako, marehemu alikuwa chama, na warithi, yaani wanachama, walikuwa hai wote wakitazama. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na kuanzia 1984 vyama vikuu vya mikoa vikaundwa tena, cha Shinyanga kikiwa kimoja wapo. Ila wazee walioshika stakabadhi za hisa za zamani walikwisha kuziweka chini ya masanduku, na wengine walikwisha kufa. Tumeonyeshwa baadhi ya stakabadhi hizo na wajukuu wao. Sahihi ya karani bado yasomeka.

Kuna jambo la karibu zaidi, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Mwanachama wetu akifa leo, mara nyingi fungu lake la hisa na malipo yake ya pili ya pamba hugeuka kuwa sababu ya ugomvi. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, katika Tangazo Na. 436, zilipanga warithi kwa daraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume daraja la pili, mabinti daraja la tatu, nao hupata kidogo kuliko wote. Mjane aliyezaa hana fungu lake. Kanuni husema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kanuni hizo zilidhani kuwa watoto watakuwa wakubwa na wenye uwezo. Hazikusema neno juu ya mjane kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni.

Wajane wawili wa namna hiyo, wote wa mkoa wa Shinyanga, walifukuzwa katika nyumba walizojenga na waume zao. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba kanuni zile zina ubaguzi, lakini haikukubali kuzifuta, ikiogopa kuwa kila mila itapelekwa mahakamani moja moja. Mwaka 2010 rufaa yao iliondolewa kwa kasoro za utaratibu. Wakaenda mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi juu ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka Tanzania ibadili kanuni hizo. Wanawake wa Usukuma wasiokuwa na mali walibeba shauri lao kutoka kijijini hata Geneva. Sisi twaona jambo hili lastahili nafasi katika historia ya mkoa huu kuliko zawadi ya arusi ya mfalme.

Hisa ya ushirika si shamba la ukoo, wala si ng'ombe wa mahari. Ni mali ambayo mwanachama aliinunua kwa jasho la msimu wake, na mara nyingi jasho hilo ni la mume na mke pamoja, maana sote twajua ni nani apaliliaye na ni nani achumaye. Kwa hiyo masharti ya Chama chetu yanampa mwanachama ruhusa ya kumtaja, akiwa hai, mtu atakayepokea fungu lake. Aweza kuwa mke, aweza kuwa binti, aweza kuwa rafiki. Katika daftari la wanachama iko safu ya mwisho kwa kazi hiyo. Tulipoyapitia madaftari ya vyama vya msingi kwa ajili ya kitabu hiki, tulikuta kurasa nyingi ambazo safu hiyo ni tupu toka juu hadi chini. Makarani wengine walitueleza kuwa wanachama huona haya kutaja kifo mbele ya mezani. Wengine walisema huogopa kaka wa ukoo atasikia. Sababu zote mbili twazielewa, lakini hazitoshi.

Halmashauri imekubali kwamba kabla ya kufunguliwa kwa msimu ujao kila chama cha msingi kitaweka siku mbili za kujaza safu hiyo. Karani atamwita mwanachama peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Asiyejua kusoma atasomewa alichoandika karani, kisha ataweka dole gumba mbele ya mashahidi wawili asiokuwa na udugu nao. Jina laweza kubadilishwa mwaka wo wote bila malipo. Wanawake ambao ni wanachama kwa majina yao wenyewe nao watajaza, kwa kuwa hata wao wana warithi. Mjane ambaye mumewe alikufa kabla ya safu kujazwa na alete cheti cha kifo na barua ya ofisi ya kijiji kwa Katibu wa chama chake cha msingi, ambaye atavileta kwetu. Stakabadhi za zamani, hata zilizoliwa na mchwa, zisitupwe.